Reli ya snobodi inakwama? Kabla hujapaka nta soma hii

Kila mwaka theluji ikishakaa vizuri hapa Minnesota, simu yangu inaanza kupokea swali lilelile kutoka kwa wazazi wenzangu na watoto wao, kwamba tumeweka bomba nyuma ya nyumba, tumelipaka nta kama tulivyoona kwenye video, na bado snobodi, yaani ubao wa kutelezea kwenye theluji, inakwama katikati mtoto anaruka kwa mbele. Mi nimeshajenga reli nne za nyumbani sasa na kurekebisha nyingi za watu, na ninachoweza kusema bila kusita ni kwamba mara nyingi shida sio nta. Nta ni hatua ya mwisho kabisa. Kabla yake kuna uchafu, kuna kutu, kuna vijinundu vya chuma, kuna makali ya ubao, na hayo usipoyatoa utapaka mishumaa mpaka iishe dukani na mtoto ataendelea kuanguka.

Tuelewane maneno kwanza. Reli ni chuma unachokipanda na kuteleza juu yake, inaweza kuwa bomba la duara au la pembe nne. Boksi ni pana zaidi, fremu ya mbao au chuma iliyofunikwa juu na shiti ya plastiki ngumu. Soli naita ule upande wa chini wa ubao, na makali ni ule utepe mwembamba wa chuma unaozunguka ubao pembeni. Na haya yote naongelea reli yako mwenyewe ya nyumbani. Ukienda kwenye kilima cha watu, tuseme Hyland Hills pale Bloomington ambapo vijana wetu wengi wanaanzia, usipake kitu chochote kwenye reli zao bila kuwauliza wale wanaozitunza, maana anayekuja nyuma yako hajui kama umeibadilisha na ndo anayeumia.

Ubao unateleza vizuri halafu unagoma ghafla sehemu moja

Hii ndo inayoletwa kuliko zote na ndo ya hatari kuliko zote, kwa sababu miguu inasimama na mwili unaendelea.

Angalia kwanza barafu. Usiku reli inashika ukungu unaoganda, weupe mwembamba kama sukari, au theluji iliyoyeyuka mchana inaganda jioni inakuwa kibonge. Kwa macho huoni, hasa kama chuma kina rangi nyeupe au ya kijivu. Vua glovu, pitisha kipande cha plastiki cha kukwangulia kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha futa na tambara kavu. Dakika mbili tu. Nusu ya simu ninazopigiwa huwa zinaishia hapo.

Kama bado, tafuta kinundu. Hapa nieleze kilichonitokea msimu wangu wa pili. Mtoto wa dada yangu alikuwa anakwama kila mara sehemu ileile, kama mita moja na nusu kutoka mwanzo, akaniambia "mjomba, kuna kitu kinanishika mguu." Nikapitisha kiganja, laini. Nikapaka nta, nikapaka tena, nikapaka mara ya tatu, akaanguka tena na safari hii alitua na kifundo cha mkono. Ndo nikakumbuka alivyokuwa akifanya fundi mmoja wa mabodi ya magari kule nyumbani Tanga, alikuwa haamini kiganja, anachukua pamba. Nikaingia ndani nikachukua pamba ile ya kutolea vipodozi, nikaivuta taratibu juu ya bomba, na pale mabomba mawili yalipounganishwa pamba ikaacha nyuzi tatu nne zimesimama. Kiganja kilikuwa na ganzi ya baridi, lazima kisione kitu. Nilipoinamia na tochi kwa pembeni nikaona tone la weldi lenye ukubwa wa punje ya mchele, limefunikwa na nta yangu yote niliyopaka. Tone lile nililisaga kwa dakika tano. Hajakwama tena hapo.

Kwa hiyo pamba kwanza, kila mara, urefu wote wa chuma, juu na mabegani pande zote mbili, na uivute kuelekea kule mtoto anakoteleza. Palipoacha nyuzi paweke alama ya chaki. Kinundu kidogo kitoe kwa tupa ya chuma, kisha msasa namba 80, kisha 120, malizia na 220. Mshono mkubwa wa weldi unahitaji grenda yenye diski ya msasa, na hapo vaa miwani ya kazi, glovu za ngozi, na watoto wawe ndani ya nyumba. Usisage mshono mpaka uwe mwembamba kuliko bomba lenyewe, unaondoa nguvu ya kiungo, sawazisha tu uwe usawa mmoja na chuma cha pembeni.

Kama chuma ni kisafi na pamba inapita, basi geuza ubao. Makali ya ubao yakishagonga chuma mara kadhaa yanaota vimeno, na kimeno kimoja kinatosha kuchimba kwenye bomba na kukusimamisha. Pitisha pamba ileile kwenye makali, usipitishe kidole maana vinakata kama wembe. Ondoa vimeno kwa jiwe la kunolea lililoloweshwa maji kidogo. Halafu kwa ubao wa reli inabidi makali yafanywe butu makusudi. Nafanya hivi: sehemu ubao unapoanza kupinda kwenda juu, mbele na nyuma, na sehemu ya kati chini ya baindingi (vile vifungo vya kushikia viatu kwenye ubao), napitisha tupa ndogo kwa pembe mpaka kona ya makali iwe ya mviringo kidogo, nikikwangua ukucha juu yake usitoe unga. Ujue ni biashara ya kutoa na kupokea, makali butu hayashiki vizuri kwenye mteremko wenye barafu, ndo maana wenye uwezo wanaweka ubao mmoja wa zamani kwa ajili ya reli tu, na kama mtoto ana mmoja basi usibutue urefu wote, acha sehemu zilizo kati ya baindingi na pale ubao unapoanza kupinda zibaki na uhai.

Sababu ya mwisho ni nta yenyewe kuwa bonge. Ukipaka nene sehemu moja na nyembamba nyingine umetengeneza breki. Ikwangue yote uanze upya.

Unateleza lakini pole pole mwanzo hadi mwisho, hafiki

Kabla ya kugusa chuma angalia anaingia na spidi gani. Reli ya mita nne tano kwenye uwanja ulio tambarare inahitaji kilima cha kuanzia, na wengi wanajenga kilima kifupi halafu wanalaumu nta. Ongeza urefu wa mteremko wa kuingilia, upige theluji kwa koleo igandamane. Na theluji ya kupandia kwenye reli ikiwa inafika usawa wa mwanzo wa chuma, bila pengo wala ngazi, hapotezi spidi wakati wa kupanda.

Pili ni soli kavu. Geuza ubao uangalie karibu na makali: soli ikiwa na weupe weupe kama ngozi ya mguu isiyopakwa mafuta, imekauka na inahitaji nta ya moto. Hiyo nimeieleza chini.

Tatu ni kutu na rangi. Bomba jipya kutoka kiwandani lina gamba la kijivu linalokwaruza, la zamani lina kutu, na ukilipaka rangi ya kawaida ya ukutani ndo kabisa, rangi inalainika inang'ang'ania soli. Chuma kitupu kilichosuguliwa mpaka kung'aa ndicho kinachoteleza vizuri kuliko chochote kilichopakwa rangi. Kutu nyepesi inatoka kwa msasa 120 na mkono wako. Kutu iliyokula mashimo haitoki, bomba hilo liache.

Na kama umetumia bomba la plastiki la maji, lile jeupe la PVC, naomba ulitoe. Najua ni rahisi na linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, ila kwenye baridi ya huku linakuwa kama glasi, likipigwa na uzito wa mtu linapasuka vipande vyenye ncha na vipande hivyo vinaingia mwilini. Nta haibadilishi hilo. Ukitaka plastiki tumia shiti ya polithini ngumu ile inayowekwa juu ya maboksi, hiyo inavumilia baridi, na kwa kawaida haihitaji nta kabisa, ipanguse tu na uhakikishe vichwa vya skrubu vimezama chini ya uso wa shiti. Skrubu moja iliyochomoza milimita moja inachana soli kama kisu kinavyopasua papai.

Nta haishiki kwenye chuma, inabanduka unga unga

Hii inatokea siku za baridi kali, nyuzijoto -15 za Selsiasi kwenda chini, na Januari hapa siku za hivyo hazikosekani. Chuma kinakuwa na baridi hiyohiyo, ukisugua mshumaa unavunjika kama chaki.

Sababu ya kwanza ni unyevu, umepaka juu ya ukungu ulioganda, sasa nta imeshika barafu haijashika chuma. Kausha kwanza. Ya pili ni nta yenyewe kupoa, uliiacha nje usiku kucha. Weka kipande mfukoni ndani ya jaketi karibu na mwili, kikitoka na joto la mwili kinapakika. Ya tatu ni chuma kupoa mno, hapo unaweza kutumia mashine ya hewa ya moto ile ya kubandulia rangi, moto wa chini kabisa, unaitembeza bila kusimama mpaka chuma kiwe vuguvugu tu mkononi, sugua nta, halafu ipanguse na tambara ibaki filamu nyembamba. Usitumie moto wa gesi. Sio kwenye chuma kilichopakwa rangi, sio karibu na plastiki ya boksi, na kamwe sio kwenye bomba lenye madini ya zinki lile la kung'aa kwa kijivu la mabati, maana zinki ikiungua moshi wake unamuumwisha mtu homa ya usiku mzima.

Nta ipi? Mshumaa wa kawaida mweupe wa parafini, usio na rangi wala marashi, unatosha. Vipande vya nta vinavyouzwa kwa ajili ya skeitibodi navyo ni vizuri. Nta ya nyuki achana nayo, inanata, na mishumaa ya soya nayo ni laini mno inashika vumbi. Sugua mistari miwili mitatu kwa urefu juu ya bomba, tandaza na tambara, basi. Ukiangalia kwa pembeni chuma kinatakiwa kiwe na mng'ao wa ukungu mwepesi, usione mistari ya nta.

Iko vizuri raundi chache halafu inarudi kuwa nzito

Kawaida tu. Nta ya juu ya chuma inaondoka na kila ubao unaopita, kwa hiyo wakiwa watoto watano sita wanazunguka utairudia mara kadhaa kwa mchana mmoja. Ila ikiwa inaisha baada ya mara mbili tatu, angalia kama mtoto anapanda na theluji chini ya ubao inayobaki juu ya reli. Siku za Machi joto likipita sifuri theluji ni ya maji, inanyonya soli, na hakuna nta ya mshumaa itakayokusaidia hapo zaidi ya kufuta reli kila raundi na kubadilisha nta ya ubao uweke ile laini ya siku za joto.

Angalia pia weusi. Nta ikichanganyika na vumbi la chuma na kutu inakuwa uji mweusi, uji huo unaingia kwenye soli. Ukiona tambara linatoka jeusi, usiongeze nta juu yake. Kwangua yote, sugua na msasa 220, anza upya.

Sasa inateleza mno, ubao unachomoka pembeni

Tuelewe hili vizuri kwa sababu watu wanadhani kuteleza zaidi ndo bora zaidi. Kwenye reli huna kona, huna breki, unategemea tu kusimama katikati na ubao ukiwa bapa. Ukizidisha nta, kosa dogo la uzito ambalo angeweza kulirekebisha linamtupa chini kabla hajajua, na anaanguka juu ya chuma kwa mgongo au kiuno, sio kwenye theluji.

Sababu kubwa ni nta nene, ya pili ni dawa za kupuliza za silikoni. Hizo sizitaki. Zinatapakaa kwenye theluji ya kupandia na kutua, zinabaki kwenye soli na chini ya viatu, mtoto anashuka kwenye ngazi za nyumba anateleza, na kuzitoa kwenye chuma ni kazi. Ukishapuliza, osha na maji ya moto na sabuni ya vyombo, kausha kabisa, msasa mwepesi. Nta ya ziada kwangua kwa plastiki. Kwa anayejifunza mi sipaki nta kabisa, namwachia chuma kisafi kilichosuguliwa mpaka azoee kusimama bapa.

Ubao wenyewe: nta ya moto kwenye soli

Soli nyingi ni polithini, na zipo za aina mbili, zile zilizosukumwa kama shiti ambazo ni za bei nafuu na hazinywi nta sana, na zile za unga uliogandamizwa ambazo zina vinyweleo na zinakunywa nta vizuri ila zikikosa zinakauka haraka. Kwa reli ile ya bei nafuu haina ubaya, ni rahisi kurekebisha.

Anza kwa kusafisha: yeyusha nta laini, paka, na ikwangue ikiwa bado ya moto, itatoka na uchafu. Rudia mpaka itoke safi. Kisha nta ya siku hiyo, ngumu kwa baridi kali, laini kwa siku za kuyeyuka. Pasi anza na kama nyuzijoto 120 za Selsiasi. Itembeze polepole bila kusimama, kutoka pua (mbele ya ubao) kwenda mkia (nyuma), ikiacha mkia mfupi wa nta ya maji nyuma yake. Ikitoa moshi ni ya moto mno, punguza. Polithini inayeyuka kwenye 130 na kitu, kwa hiyo pasi ikisimama sehemu moja inaunguza vinyweleo na soli haitakunywa nta tena hapo. Gusa upande wa juu wa ubao, ukiwa vuguvugu inatosha. Pasi ya nguo inafanya kazi lakini joto lake linapanda na kushuka na ina matundu ya mvuke, ukishaitumia usiirudishe kwenye mashati.

Acha ipoe kabisa, nusu saa au zaidi, ndani ya nyumba sio nje. Kwangua kwa plastiki kutoka pua kwenda mkia mpaka isitoke kitu, halafu piga brashi ya nailoni. Wengi wanaogopa kukwangua wanaona kama wanaitupa nta, kumbe inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani.

Usinunue nta ya zamani yenye floro hata ukiikuta kwa bei ya bure. Shirikisho la kimataifa la michezo ya theluji, FIS, limeipiga marufuku kwenye mashindano yake tangu msimu wa 2023/24, na hapa Minnesota nta ya theluji iliyotiwa kemikali hizo za floro, zinazoitwa PFAS, hairuhusiwi kuuzwa tangu Januari 2025. Haziozi, zinaingia kwenye maji, na moshi wake kwenye pasi unauvuta wewe.

Simama hapo, mwite fundi

Reli ikitikisika ukiisukuma kwa mguu, hakuna anayepanda. Usijaribu kuifukia na theluji zaidi, theluji inalainika mchana. Miguu ya reli iwekwe mipana na ifungwe.

Mshono wa weldi ukiwa na ufa hata wa unywele, usiusage, usiufunike na nta. Ufa unaonekana kama mstari mweusi uliopinda, na unaota kutu ndani. Hiyo ni ya fundi wa kuchomelea mwenye vifaa, na ukiwa na bomba la zinki mwambie mapema ajikinge na moshi. Ncha za bomba zilizo wazi nazo azizibe kwa kipande cha chuma cha mviringo.

Kwenye ubao, ukiona soli imechimbika mpaka mbao ya ndani inaonekana, au makali yamepasuka au yamechomoza nje ya ubao, peleka dukani kwa fundi wa mbao za theluji. Mbao ya ndani ikinywa maji inaoza na kuvimba, na makali yaliyochomoza yanakata mtu. Kwa tone la plastiki ya kuyeyusha unaweza kuziba mikwaruzo midogo mwenyewe, shimo lililofika ndani huwezi.

Na mtoto akigonga kichwa, hata kama alikuwa na helmeti na anasema yuko sawa, kuteleza kumeisha siku hiyo. Akitapika, akilala lala, akirudia swali moja, au akilalamika kichwa kinazidi kuuma, ni hospitali usiku huohuo, usingoje kesho.

Theluji ikishaisha mwezi wa nne, usiiache reli nje hivohivo. Ioshe, ikauke juani, msasa 220 mara moja, halafu siku hiyo ndo upake nta nene bila kuibania, juu, chini, mpaka kwenye viungo, na uihifadhi imeinuliwa juu ya matofali isiguse ardhi. Desemba utaikwangua yote, na chini yake chuma utakikuta bado kinang'aa.